Aliyegongwa na Gari: Haki Yake ya Diya na Fidia, na Mipaka ya Kumwambia "Samehe"

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyeitukuza nafsi ya mwanaadamu na akaharamisha kumwagwa kwa damu yake isipokuwa kwa haki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Swala ya Isha, tulifuatwa na wazee wawili wa mtaa wetu. Mama mmoja mjane, muuza vitumbua, mwenye watoto wanne, alikuwa amegongwa na daladala alfajiri akivuka barabara kwenda kwenye biashara yake. Ilikuwa siku ya tatu yuko wodini, mguu umefungwa plasta. Jamaa za dereva walikuja na mfuko wa unga, sukari, bahasha ya fedha, na karatasi iliyokwisha kuandikwa kuwa mama huyo amesamehe na hatadai kitu chochote. Tukaombwa twende tumnasihi.

Tulikwenda. Tulimkumbusha fadhila za kusamehe, tukamwambia kuwa lililompata ni qadar ya Mwenyezi Mungu, na yeye kwa heshima aliyokuwa nayo kwetu akaweka dole gumba kwenye karatasi ile. Wiki ya sita jeraha liliharibika, na mguu ukakatwa chini ya goti. Siku alipotuuliza, "Sheikh, sina haki yoyote tena?", hatukuwa na jibu la haraka. Turejeapo kwenye vitabu tulivyosomeshwa tangu ujana wetu, tukakuta jibu limo humo kwa karne nyingi, na kwamba sisi tuliokuwa na vitabu mkononi ndio tuliomfungia mlango.

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya maimamu wenzetu na wanafunzi wa elimu, ambao huitwa mwanzo kabla ya wakili na kabla ya hakimu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limekadiria kuwa watu takriban milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya mmoja katika kila watano wao alikuwa akitembea kwa miguu. Hivyo basi, hili si suala la nadra. Ni suala la kila mtaa ulio kando ya barabara.

KWANZA: QADAR HAIONDOI DHAMANA

Kosa la mwanzo linalofanyika ni kulitumia neno "qadar" kuifunga haki. Hapana shaka kuwa kila kitu hutokea kwa qadar ya Mwenyezi Mungu. Lakini Yeye Aliyeikadiria ajali ndiye huyo huyo Aliyeiwekea hukumu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameeleza kuwa mwenye kumuua Muumini kwa kukosea analazimika mambo mawili: kafara, nayo ni haki ya Mwenyezi Mungu, na diya inayokabidhiwa jamaa za aliyeuawa, nayo ni haki ya waja, isipokuwa wao wenyewe wakiitoa sadaka. Aya hii inazungumzia hasa mtu ambaye hakukusudia. Lau qadar ingelikuwa inaondoa dhamana, aya isingelikuwa na maana yoyote, kwani kila kosa lisilokusudiwa ni qadar.

Fuqahaa wamepambanua baina ya dhambi na dhamana. Dhambi huondoka kwa kukosekana makusudio. Ama dhamana ya nafsi na mali ya mtu haiondoki, na ndiyo maana hata mtoto mdogo akivunja chombo cha mtu hulipwa kutoka katika mali ya mtoto huyo, ingawa hana dhambi. Dereva mchamungu aliyemgonga mtu bila ya kutaka anaweza kuwa hana dhambi, na pamoja na hayo akawa na deni.

PILI: NI NANI ANAYEDHAMINI?

Magari hayakuwapo zama za maimamu wetu, lakini walikuwapo wapanda farasi, waongoza ngamia na wenye mikokoteni, na njia zilikuwa za watu wote. Wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wamesema kuwa aliye pamoja na mnyama, akiwa amempanda au anamwongoza, anadhamini alichokiharibu mnyama huyo, nafsi au mali, usiku au mchana, kwa sababu mnyama yuko chini ya mkono wake. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya mnyama ambaye ana utashi wake, basi gari ambalo halina utashi kabisa linastahiki zaidi hukumu hiyo. Ama Hadithi iliyosahihi kwamba jeraha la mnyama halina malipo, hiyo maulamaa wameifasiri kuwa ni mnyama aliye peke yake, asiyekuwa na mtu wa kumchunga na ambaye mwenyewe hakuzembea. Haifai kuitumia kumtetea dereva aliyeshika usukani.

Ipo kanuni nyingine iliyo msingi wa mlango huu. Mwenye kutenda kwa mkono wake (mubaashir) anadhamini hata kama hakuvuka mpaka, na mwenye kusababisha (mutasabbib) hadhamini ila akiwa amevuka mpaka au amezembea. Dereva aliyemgonga mtu ni mubaashir. Tajiri wa gari aliyejua kuwa breki zimekufa na akalitoa barabarani ni mutasabbib aliyezembea. Aliyemwaga mchanga au mawe katikati ya njia bila ya alama ni vivyo hivyo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwezi wa Muharram 1414, sawa na Juni 1993, lilitoa azimio nambari 71 kuhusu ajali za barabarani. Muhtasari wake ni huu. Kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya Kiislamu ni wajibu, kwani ni katika kumtii mwenye mamlaka kwa lililo na maslahi. Dereva anadhamini madhara anayowapata wengine kutokana na gari lake, ya mwili na ya mali. Hatolewi katika dhamana ila kwa mambo matatu: likiwa tukio limetokana na nguvu isiyowezekana kuzuiliwa, likiwa limesababishwa na kitendo cha aliyegongwa chenye athari kubwa katika kulileta, au likiwa limetokana na kosa la mtu wa tatu, na hapo huyo wa tatu ndiye atakayelibeba. Na wakishirikiana katika kosa dereva na aliyegongwa, kila mmoja atabeba kwa kadiri ya sehemu yake.

Jambo hili la kushirikiana lina asili katika vitabu vyetu. Fuqahaa wa Kishafi wamesema kuhusu wapanda farasi wawili waliogongana wakafa kuwa kila mmoja amekufa kwa kitendo chake na cha mwenziwe, kwa hiyo inadaiwa nusu ya diya, na nusu imeporomoka. Basi mtembea kwa miguu aliyekatisha ghafla baina ya magari hapotezi haki yake yote kwa sababu tu watu wa mtaani wamesema "kajitakia". Kinachotazamwa ni kiasi cha kosa lake.

TATU: ANASTAHIKI NINI?

Diya ya nafsi ni ngamia mia moja. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipoona ngamia wamepanda bei aliikadiria kwa watu wa dhahabu kuwa dinari 1,000 na kwa watu wa fedha kuwa dirhamu 12,000. Dinari ya kisheria uzito wake ni takriban gramu 4.25, kwa hiyo dinari elfu ni zaidi ya kilo nne za dhahabu. Hatutaji kiasi hiki ili watu wakidai kesho mahakamani, bali ili msomaji aone thamani ambayo sheria imeiweka kwa mwanaadamu, na apime mwenyewe umbali uliopo baina yake na mfuko wa unga.

Ama viungo na majeraha, asili yake ni barua ambayo Mtume (S.A.W.) aliwaandikia watu wa Yemen na kumpa Amr bin Hazm (r.a.). Humo mmebainishwa kuwa macho mawili yana diya kamili, mguu mmoja nusu ya diya, kila kidole ngamia kumi, jino ngamia watano, jeraha lililofika mfupani ngamia watano, lililoutoa mfupa mahali pake ngamia kumi na tano, na lililoingia tumboni thuluthi ya diya. Malipo haya yaliyokadiriwa huitwa arshi. Mguu ukikatwa juu ya kifundo, Mashafi wanaongeza juu ya nusu ya diya malipo ya sehemu ya muundi iliyokwenda. Mwanamke mja mzito akigongwa na mimba ikatoka imekufa, mtoto huyo ana malipo yake mbali, nayo ni ghurra, iliyokadiriwa kwa ngamia watano. Ama kiwango cha diya ya mwanamke, kauli za maulamaa wa kale na wa sasa zimekwisha kuandikwa mahali pengine, na mahakama za nchi zetu hazitofautishi katika hilo.

Jeraha lisilokuwa na kiwango maalumu, kama mfupa uliovunjika ukaunga lakini mtu akabaki anachechemea, lina malipo yanayoitwa hukuma. Hayo hukadiriwa na watu wenye ujuzi kwa kutazama upungufu uliobaki mwilini. Ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu, ambayo leo hutumiwa mahakamani, si kitu kigeni kwa mwanafunzi aliyesoma mlango wa hukuma.

Na kafara je? Aliyesababisha kifo analazimika kumwacha huru mtumwa Muumini, na asipopata, jambo ambalo ndilo hali ya zama zetu, afunge miezi miwili mfululizo. Kafara hailipwi na kampuni, wala na tajiri wa gari, wala haiondoki kwa familia kusamehe diya. Madereva wengi hawaambiwi hili. Tunawaomba maimamu wawaambie kwa upole, kwani mtu aliyeua bila ya kukusudia huwa na moyo uliovunjika, na kafara ni mlango wa rehema aliofunguliwa na Mola wake.

NNE: JERAHA HUSUBIRIWA LIPONE

Hapa ndipo palipo kosa letu tulilolitaja mwanzo. Imepokewa na Imam Ahmad na Ad-Daraqutniy kuwa mtu mmoja alichomwa kwa pembe gotini, akamwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kulipiziwa pale pale. Mtume (S.A.W.) akamwambia angoje mpaka apone. Mtu yule akarudi akashikilia, naye akalipiziwa. Baadaye akarejea akilalamika kuwa amekuwa kiwete, na Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa alimkataza naye hakusikia, kisha akakataza jeraha lolote lisihukumiwe mpaka mwenyewe apone.

Kutokana na hayo fuqahaa wamesema kuwa arshi haitulii mpaka jeraha lipone au lijulikane limeishia wapi. Jeraha linaweza kupona, linaweza kuenea likachukua kiungo kizima, na linaweza kuua. Anayelipwa au kusamehe siku ya tatu hajui anasamehe nini, na anayemtaka asamehe naye hajui anaombewa nini.

Zaidi ya hayo, Imam An-Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho hapana madrasa kubwa ya pwani hii isiyokijua, ameitaja sura inayofanana na ya mama yule. Mtu akikatwa kiungo, akasamehe kisasi na arshi yake, kisha jeraha likaenea kwenye kiungo kingine ndipo likapona, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba diya ya kilichoenea bado inadhaminiwa. Sababu yake iko wazi: aliachilia kilichokuwa kimethibiti siku ile, na mtu haachilii ambacho hakijathibiti. Kwa ibara nyepesi, mama aliyeweka dole gumba kwa mguu uliovunjika hakusamehe mguu uliokatwa.

TANO: NI NANI MWENYE HAKI YA KUSAMEHE?

Kusamehe ni ibada tukufu, na hatuandiki haya ili kuwafanya watu wawe wagumu. Lakini msamaha una sharti, nalo ni kutoka kwa mwenye haki, aliyebaleghe, mwenye akili timamu, asiyelazimishwa, na anayejua anachokiachilia. Anayesamehe kwa kuona haya mbele ya wazee waliozunguka kitanda chake, huyo hakusamehe kwa moyo mkunjufu.

Akifariki aliyegongwa, diya huwa ni mali yake: hulipwa kwayo madeni yake, hutekelezwa wasia wake, kisha hugawanywa kwa mafungu ya mirathi. Ami au kaka mkubwa hana uwezo wa kusamehe ila fungu lake mwenyewe, ikiwa analo. Mayatima hawasamehewi haki yao na mtu yeyote. Msimamizi wao amepewa amana ya kuilinda mali, na Suratun-Nisaa imetoa onyo kali, katika aya ya 10, juu ya wanaoila mali ya yatima kwa dhulma. Anayeitoa mali hiyo bure ili apate sifa ya ukarimu naye ajihesabu.

Wajane pia wamekuwa wakisahauliwa katika jambo hili, na historia ina somo. Umar (r.a.) alikuwa akiona kuwa diya ni ya jamaa wa kiumeni na mke harithi kitu katika diya ya mumewe. Ad-Dhahhaak bin Sufyan (r.a.) akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam Ad-Dhibaabiy kutoka katika diya ya mumewe. Umar, Amiri wa Waumini, akaiacha rai yake papo hapo. Basi imamu anayeitwa kwenye kikao cha sulhu na akaona wanaume watupu wamekaa barazani, aulize: mjane yuko wapi?

SITA: NI NANI ANAYELIPA, NA HUKUMU YA FEDHA ZA BIMA

Katika mauaji ya kukosea, Mtume (S.A.W.) alihukumu diya ilipwe na aaqila, yaani jamaa wa kiumeni wa aliyekosea, na maulamaa wakaafikiana kuwa hulipwa kwa miaka mitatu. Hekima yake ni kuwa kosa la bahati mbaya lisimfilisi mtu mmoja, na damu ya aliyeuawa isipotee. Umar (r.a.) alipopanga madaftari ya askari aliwafanya walioandikwa katika daftari moja kuwa wanabebeana, na Mahanafi wameijenga kauli yao juu ya hilo.

Leo ukoo wa dereva umetawanyika, na wengi wao hawana kitu. Baraza lile lile la Fiqhi, katika kikao chake cha 16 huko Dubai, Aprili 2005, kwa azimio nambari 145, limeeleza kuwa isipopatikana aaqila, nafasi yake inaweza kushikwa na bima ya Kiislamu ya kusaidiana, vyama vya wafanyakazi vyenye mifuko ya kusaidiana, na mifuko maalumu ya namna hiyo. Vyama vya bodaboda na vya madereva wa daladala vilivyomo katika miji yetu vingeweza kuanzisha mifuko kama hiyo, na misikiti ikawasaidia kuipanga.

Ama bima ya kibiashara, Baraza liliharamisha mkataba wake mwaka 1985 huko Jeddah. Baadhi ya watu hapo huuliza: vipi basi aliyegongwa apokee fedha zake? Jibu ni kuwa aliyegongwa si mwenye mkataba. Yeye ana deni linalomthibitikia aliyemgonga, na mwenye deni hulipwa na mdaiwa au na anayelipa kwa niaba yake. Kosa la mkataba, likiwapo, liko baina ya waliofunga mkataba huo. Hatujui sababu ya kisheria ya kumwambia mtu aliyekatika mguu aiache haki yake kwa sababu dereva alikata bima ambayo sheria ya nchi ilimlazimisha kuikata.

SABA: KUITAFUTA HAKI KATIKA MAHAKAMA ZA NCHI

Mahakama za Kadhi za Kenya, kwa mujibu wa Ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, zinasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Madai ya ajali hayamo. Katika Tanzania Bara nako njia ya madai haya ni mahakama za kawaida. Je, inafaa Muislamu aende huko? Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'aan, ambapo Makureshi waliapa kumsimamia mwenye kudhulumiwa baada ya mgeni kutoka Zabid kunyimwa thamani ya bidhaa yake. Na baada ya utume akasema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitikia. Kuitafuta haki kwa njia iliyopo, pasipokuwa na nyingine, ni katika mlango huo.

Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, na ile ya Kenya, Sura ya 405, zote zinamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine walioko barabarani, na mtembea kwa miguu ni wa mwanzo miongoni mwao. Nchini Kenya dhima ya kampuni ya bima imewekewa kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na kinachozidi hudaiwa aliyesababisha. Katika nchi zote mbili muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka mitatu, na ukipita, haki huzama. Familia nyingi hungoja kesi ya trafiki imalizike zikidhani fidia itatoka humo. Kesi ile kwa kawaida ni baina ya serikali na dereva. Kutiwa hatiani kwa dereva ni ushahidi wenye nguvu, lakini madai ya fidia hufunguliwa peke yake.

Basi imamu aliyeitwa hospitali afanye yafuatayo:

1. Ahakikishe mgonjwa anatibiwa kwanza, na tukio limeripotiwa polisi. Tanzania ipatikane fomu ya PF3. Kenya ichukuliwe abstrakti ya polisi.

2. Yaandikwe mapema namba ya gari, jina la dereva, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya bima, pamoja na majina ya walioshuhudia na namba zao za simu. Shahidi wa barabarani baada ya mwezi hapatikani.

3. Zihifadhiwe risiti zote: dawa, picha za eksirei, magongo, nauli ya kwenda kliniki. Gharama alizozitoa mtu mahakama hazitambui ila kwa kuzitaja moja moja na kuzithibitisha.

4. Asiweke mtu saini wala dole gumba kwenye karatasi ya kumaliza madai kabla daktari hajasema jeraha limefikia wapi, na kabla hajasomewa na mtu asiyekuwa wa upande wa pili. Wakileta msaada wa chakula na matibabu, upokewe kwa shukrani, na uandikwe kuwa ni msaada.

5. Asiyekuwa na fedha za wakili aelekezwe penye msaada. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria. Kenya ina sheria kama hiyo ya mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Aidha zipo taasisi za siku nyingi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichoko Dar es Salaam, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na Kituo cha Sheria cha Nairobi.

6. Ajihadhari na madalali wanaozunguka wodini wakiahidi fedha nyingi. Ujira wa wakili ujulikane na uandikwe tangu mwanzo, kwani ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi.

NANE: ADABU ZA ANAYEDAI

Haki haitafutwi kwa uongo. Ni haramu kumpeleka mahakamani shahidi ambaye hakuwapo, kuzidisha jeraha katika ripoti, au kudai mara mbili kwa kitu kimoja. Aliyepokea fidia ya nafsi kwa hukumu ya mahakama au kwa sulhu aliyoijua na kuiridhia, asirudi tena kwa dereva kudai diya kamili kana kwamba hakupokea kitu. Riba ikiongezwa juu ya fedha za hukumu, asijinufaishe nayo.

Fidia ya kifo ina sehemu mbili katika sheria za nchi: ya mali ya marehemu, na ya wale waliokuwa wakimtegemea. Ile ya mwanzo inapita njia ya mirathi. Ya pili mahakama huwataja wenyewe na mafungu yao. Imamu asizichanganye akawanyima watoto walichopangiwa.

HITIMISHO

Msomaji huenda akauliza yaliishia wapi mambo ya mama yule. Tulimrudia tukamwambia wazi kuwa tulikosea, na kwamba karatasi ile kwa fiqhi yetu haikugusa mguu uliokatwa. Miaka mitatu ilikuwa haijapita. Wakili mmoja alikubali kuisimamia kesi, akasema karatasi iliyowekwa dole gumba kitandani, siku ya tatu, bila ya mtu wa kumsomea, ina mengi ya kujibiwa. Ilimalizika kwa sulhu kabla ya hukumu. Kiasi hakikuwa kikubwa, lakini kilimnunulia mguu wa bandia na kikawarudisha watoto wawili shuleni. Dereva alikuja mwenyewe siku ya makabidhiano, na wakasameheana mbele yetu.

Nasi tulimwomba radhi kwa siku ile ya wodini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ametusamehe. Huo ndio msamaha tunaoutaka katika misikiti yetu: wa mtu aliyekwisha kuijua haki yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu Awaponye majeruhi, Awarehemu waliotangulia, na Atujaalie tuwe ni wenye kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Wallahu a'alam.